Pale Mashine Ilipoacha Nukta

Payyannur, 4 Juni 2012

Dada Anagha,

Huku hatujambo, isipokuwa goti la Bibi, ambalo limeanza tena tangu mvua ya kwanza. Anasema goti lake linajua mvua kabla ya redio. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe juu ya jicho. Mama anakusalimu. Mama Mkubwa amekukaangia chipsi za ndizi, kazishindilia kwenye kopo la maziwa ya unga, na zitakuja na jirani anayekwenda Pala Jumapili. Tangu uondoke anaita jina lako, halafu anakumbuka, basi anamalizia na langu. Jioni ananisuka nywele. Anatia mafuta ya nazi mengi hadi yananichuruzika shingoni, kama alivyokuwa akikufanyia wewe.

Naona haya kukuandikia jambo lenyewe, lakini sina mwingine wa kumuuliza.

Siku ile Baba Mkubwa alipokuwa akikupeleka Pala kurudia masomo ya mtihani wa udaktari aliniachia kompyuta yako mpakato. Alisema, "Chukua wewe. Kitu hiki kimeshamfelisha mtu mtihani mmoja." Sikupenda alivyosema, lakini niliipokea kwa mikono miwili. Kisha nikafanya alivyotufundisha Mwalimu Vilasini: mashine iliyotoka kwa mtu mwingine hufutwa kwanza, halafu huwekwa Linux upya kwa diski ya shule, safi, bila programu hata moja iliyofungwa, zile ambazo wenyewe wameficha yaliyomo ndani. Kila kitu kinakwenda. Herufi zetu zinatokea vizuri, sauti ipo, picha zipo. Wi-Fi tu ndiyo haipo. Kadi yake imo ndani na mashine inaiona, lakini haikamati chochote. Wewe nilikuwa nikikuona ukisoma intaneti hata ukiwa chini ya mfenesi, na ruta iko chumbani kwako!

Ningechomeka waya kwenye ruta nitafute jibu mwenyewe, lakini chumba umekifunga na ufunguo unao. Nilikwenda duka la intaneti mjini. Kijana wa pale hakuitazama hata. Akasema, "Dada, weka Windows kama watu wengine, ukalale."

Nina haraka kwa sababu ule ushirika wa Kozhikode unaotengeneza kompyuta za shule utachukua wanagenzi wawili. Usaili ni tarehe 4 Agosti. Kila mtu aje na mashine aliyoiwekea mfumo huria kwa mkono wake, aiunganishe na Wi-Fi mbele yao. Mwalimu amepeleka jina langu. Baba amesema ada ya chuo mwaka huu haipo, kwa hiyo nikikosa nafasi hii nitabaki hapa nikigema mpira naye. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Nilipomuuliza Mwalimu alinijibu, "Kadi ile ile, diski ile ile, Anagha aliiunganisha mbele ya wazazi wote siku ya maonyesho. Muulize Anagha." Sote tunaikumbuka karatasi uliyobandika juu ya meza: HAPA HAKUNA KILICHOFUNGWA.

Ulifanyaje, Dada?

Mdogo wako,
Thushara

*

Pala, 17 Juni 2012

Thushara,

Chipsi zimefika zikiwa nusu kopo. Huyo jirani mwambie nimemwona. Nusu nyingine wamemaliza wenzangu wa chumbani kabla sijafunga mlango. Hapa tunaamka giza, tunakunywa uji wa mchele na achari ya embe, halafu tunakaa kwenye viti mpaka miguu inasahau kazi yake. Simu zetu ziko kwenye kabati la Sista Ansila, mlezi wa bweni. Jumapili kila mmoja anapewa dakika chache za kumwambia mama yake kwamba anasoma. Msalimie Bibi na goti lake.

Kwa hiyo mama yangu anakusuka. Nywele zako chache, lazima anamaliza upesi. Zangu zilikuwa zikichukua tamthilia nzima ya jioni na matangazo yake. Jumapili iliyopita nilipopata simu aliongea juu ya ndama na juu yako. Dakika zikaisha.

Ulifuta? Yaani ulifuta kila kitu, bila kuniuliza? Ilikuwa mashine yangu.

Upande wa kulia, karibu na spika, kuna swichi ndogo. Isukume mbele. Watu wengi huisahau.

Chumba changu kisifunguliwe. Mna nyumba yenu.

Na hao wa Kozhikode nasikia ni wakali. Wewe mtu akikuuliza jina unatazama vidole vya miguu. Una hakika?

Anagha

*

Payyannur, 24 Juni 2012

Dada Anagha,

Tunashukuru kwa barua. Mama Mkubwa aliniomba nimsomee, nikaruka pale pa nywele. Ndama ameanza kukimbia, anaangusha ndoo. Bibi anauliza kama huko wanakupa samaki.

Swichi niliiona. Niliisukuma mbele, nikairudisha, nikaisukuma tena. Taa yake inabaki rangi ya chungwa. Nilikuwa nimeketi barazani kwenu, na Bibi alikuwa akitafuna tambuu huku akinitazama.

"Bado?" akaniuliza.

"Bado, Bibi."

"Anagha angeshamaliza, akala, akalala."

"Najua, Bibi."

"Si nakutania, mtoto wewe! Nuna kidogo basi, nione una damu."

Mama Mkubwa akacheka kule jikoni. Mimi sikucheka. Huwa nakuonea wivu hata pale ambapo haupo.

Nimefungua lile dirisha jeusi la amri, nikaiamuru mashine iseme yote inayoyajua kuhusu kadi. Kwa kuwa siwezi kukutumia kwa njia nyingine, nimenakili kwa mkono, neno kwa neno, kurasa nne. Zimo ndani ya bahasha hii. Tazama mwisho wa ukurasa wa tatu. Mashine inasema kuna faili linakosekana, lakini pale jina la faili linapotakiwa kuwa, diski ya shule imeweka nukta tupu. Nimezihesabu na kuziandika zote. Kinachokosekana ni nini? Na kwako kilikuwepo vipi, kama kila kitu kilikuwa huria?

Ukijua, nijibu upesi. Ukiwa hujui, nijibu hivyo hivyo.

Thushara

*

Payyannur, 12 Julai 2012

Dada Anagha,

Mvua haijakatika. Paa la zizi linavuja na Baba amelifunika kwa plastiki.

Hujajibu. Kila mchana tarishi akipita namtazama mpaka naye anaona aibu. Leo alisema, "Ningekuwa na uwezo ningekuandikia mwenyewe."

Nitaandika jambo ambalo nikiwa mbele yako nisingelisema. Nakuonea wivu, na si kwa leo tu. Wewe unalipiwa mara ya pili kwa mtihani ule ule, na mimi hata mara ya kwanza sikulipiwa. Una chumba chenye ufunguo. Shuleni wewe ulisimama mbele ya wazazi na mashine ikakutii, wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nyuma nimeshika waya wa umeme usichomoke. Hata hilo sikulichukia wakati ule. Nilijiambia kwamba nikijifunza sana, siku moja na mimi itanitii.

Sasa nina mashine ile ile na diski ile ile. Kwako iliwaka, kwangu haiwaki. Nimesoma kitabu cha Mwalimu mpaka kurasa zimelegea. Jibu lililobaki ni moja, kwamba mimi sina akili ya kazi hii na nilikuwa najidanganya. Jumatatu ya tarehe 23 Mwalimu anarudi kutoka kwa binti yake. Nitamwambia aliondoe jina langu, apate mwenzangu anayeweza.

Mashine yako nitaisafisha, niirudishe kwa Mama Mkubwa.

Thushara

*

Pala, 14 Julai 2012

Thushara,

Kabla hujanitukana, kurasa zako zimenifikia leo. Barua zetu zinafunguliwa na Sista Ansila, na tangu mwisho wa mwezi uliopita yako ilikuwa kwenye droo yake. Juzi aliniita.

"Huyu Thushara ni nani?"

"Mdogo wangu, Sista. Mtoto wa mama mdogo."

"Na huyu anayeitwa wlan sifuri?"

"Hiyo ni mashine, Sista. Ni jina la kadi yake ya Wi-Fi."

"Mashine ina mwandiko mzuri hivi?"

Nyuma yangu wasichana walikuwa wameziba midomo kwa shali. Nikaeleza, nikaeleza tena. Akasema kwa miaka yote aliyolea wasichana ameona barua za siri za kila aina, lakini mvulana aliyejificha kwa tarakimu namna hii hajamwona. Ikabidi kurasa zako zipelekwe kwa mwalimu wa fizikia, azisome, athibitishe kwamba hamna mvulana ndani. Bweni zima sasa linamwita mchumba wangu Wlan. Wananiuliza kama familia yake ina shamba.

Nimezisoma. Umenakili vizuri, hata nafasi tupu hukuziruka. Mimi ningeruka.

Kuhusu hizo nukta sina la kukuambia. Pengine kadi imeharibika. Vitu huharibika vikihama mikono.

Kwa nini lazima iwe Kozhikode? Hapo Payyannur kuna maduka mangapi ya simu? Omba huko. Utakuwa karibu na nyumbani, utasukwa kila jioni.

Anagha

*

Pala, 19 Julai 2012

Thushara,

Barua yako ya tarehe 12 imefika leo asubuhi. Hii inakuja kwa rejista. Nimemwambia Sista kwamba Mama anahitaji kufungua kabati langu. Usimwambie Mwalimu aliondoe jina. Kama umeshamwambia, mrudie leo leo, mlilie ikibidi. Wewe kulia hujui, lakini jaribu.

Ufunguo ni huu, umefungwa ndani ya karatasi. Mlango unakwama, uinue kidogo kwa mpini ndipo usukume. Kwenye droo ya pili, chini ya madaftari ya hesabu, kuna flashi ya bluu yenye uzi mwekundu. Ndani mna mafaili mawili. Moja ni kiini cha kawaida cha Linux, moyo wa mfumo, si kile cha diski ya shule ambacho kimefutiwa majina ya mafaili yaliyofungwa. Jingine ni faili dogo la watengenezaji wa kadi. Hilo la pili limefungwa. Hakuna mtu wa nje ajuaye lililomo. Weka kiini kwanza. Kisha faili dogo uliweke kwenye folda iitwayo firmware, ndani ya ile iitwayo lib. Zima, washa.

Akili yako haina kasoro yoyote. Diski zetu hazikuwa sawa. Zaidi ya hapo usiniulize.

Vitu vingine vya chumbani usiviguse. Mama anaweza kuingia.

A.

*

Payyannur, 6 Agosti 2012

Dada Anagha,

Bibi anakusalimu, goti limetulia. Ndama amepewa jina, anaitwa Ammini, na Baba anasema ana kichwa kigumu kama chako. Mama Mkubwa ni mzima. Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho nitashindwa kuandika.

Ufunguo ulifika tarehe 23, kabla sijaenda kwa Mwalimu. Nilienda na Mama Mkubwa hadi mlangoni kwako. Niliuinua kwa mpini ulivyosema. Yeye aliingia, akakaa kitandani, akaupakata mto wako, akaunusa. Mimi nilichukua flashi, nikatoka, sikugusa kingine. Ninachotaka ujue ni kwamba anaponisuka ananiambia, "Tulia, Anagha," na mimi huwa simsahihishi.

Niliziona tarehe za yale mafaili. Wiki moja kabla ya maonyesho na ya ile karatasi yako. Umeniambia nisikuulize, kwa hiyo sikuulizi. Nilikaa sakafuni nikakuchukia, nadhani vya kutosha. Usiku wote ule niliolia kwamba sina akili! Kisha nikafuata maelekezo yako, nikazima, nikawasha, taa ikaacha rangi ya chungwa ikawa ya bluu, na majina ya ruta za mtaa mzima yakajipanga kwenye kioo. Nikapiga kelele. Bibi akadhani nyoka ameingia.

Jumamosi nilipanda treni ya alfajiri na Baba. Tulikuwa watu kumi na wawili pale ushirikani. Waliotusaili walikuwa Bwana Jaleel na Bi Sulekha. Bi Sulekha ana sauti ya chini, lakini chumba kizima kinanyamaza. Niliunganisha mara ya kwanza.

"Kwa hiyo hapa hakuna kilichofungwa," akasema Bi Sulekha. Hakuuliza, alisema tu, kama anavyosema mtu anayetaka kwenda kwa mwingine.

Ningeweza kutikisa kichwa. Nilitazama vidole vya miguu.

"Kipo kimoja," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu."

"Kipo kimoja! Faili la watengenezaji wa kadi. Bila hilo haiwaki."

"Na umeliweka ukijua?"

"Nimeliweka nikijua. Sina kadi nyingine. Nikipata isiyohitaji faili hilo nitaitoa hii."

Bwana Jaleel akavua miwani. "Sulekha, tangu asubuhi tumeletewa mashine safi kuliko maziwa. Zenye kadi kama hii ni tano. Huyu ndiye wa kwanza kutuambia."

"Unatoka wapi?" akaniuliza Bi Sulekha.

"Payyannur."

"Payyannur. Mwaka jana tulimpa nafasi msichana wa huko bila hata kumwona, kwa maombi yake tu. Baada ya hapo baba yake akaandika kwamba binti anakwenda kusomea udaktari. Anagha. Unamjua?"

"Ni dada yangu."

"Aliandika kwamba kadi yake imeunganika bila kitu chochote kilichofungwa. Tulishangaa. Aliwezaje?"

"Mtamuuliza mwenyewe," nikasema, "akija."

Wamenipa nafasi. Nitaanza baada ya sikukuu ya Onam.

Hukuniambia kwamba uliiomba kazi hii. Hukuniambia kwamba uliipata. Kwenye treni, wakati Baba amelala na maji yanapiga dirisha, ningependa kusema kwamba nilikuhurumia. Nilikuhurumia baadaye, tulipokaribia Kannur. Kwanza nilikuonea wivu, kwa sababu wewe walikutaka kabla hawajakuona.

Mwalimu Vilasini ameniuliza nimewezaje. Nimemwambia nilipata msaada. Aliponiuliza msaada gani, nilijifanya ndama ananiita.

Mdogo wako,
Thushara

*

Pala, 13 Agosti 2012

Thushara,

Nimeisoma barua yako chooni, mahali pekee ambapo Wlan na mimi tunaachwa peke yetu.

Nakuonea wivu. Usidhani nimepona. Nakuonea wivu kwa Bi Sulekha na sauti yake ya chini, na kwa miwani ya yule bwana, na kwa treni, na kwa mvua ya dirishani. Siku Baba alipoandika ile barua ya kukataa nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Aliniuliza neno moja linavyoandikwa nikamwambia. Nilipoona wewe unataka kwenda pale pale, na mashine yangu mwenyewe, niliomba taa yako ikae rangi ya chungwa milele. Ndiyo. Niliomba. Kisha ukaniandikia kwamba huna akili, na nikaona naweza kukunyima chochote isipokuwa hicho.

"Tulia, Anagha." Hapo ulipoandika hivyo niliacha kusoma, nikaendelea baada ya chakula.

Kwa Onam wanatupa siku mbili. Siku hizo mbili mama ni wangu, nywele zako zisukwe na mama yako. Nitakaa barazani nisukwe tamthilia nzima na matangazo yake, na wewe ukae hapo chini unionee wivu. Lete na mashine. Nataka kuiona taa ya bluu. Tafadhali usiifute kabla sijafika.

Chumba acha wazi. Kitanuka ukungu.

Sista amenirudishia zile kurasa zako nne. Nazituma ndani ya bahasha hii. Ukifika mwisho wa ukurasa wa tatu, pale mashine ilipoacha nukta, utaona nimejaza jina la faili kwa wino mwekundu, na chini yake nimeandika tarehe niliyoliweka, wiki moja kabla ya maonyesho, na jina langu kamili.

Mpelekee Mwalimu Vilasini. Usimsomee. Mwachie asome mwenyewe, wewe nenda kwa ndama.

Dada yako,
Anagha